Kamba Iwe Shingoni

Usoke
14 Julai 1974

Kornel mdogo wangu,

Salamu zako nazipokea kabla hujazituma, maana najua huandiki mpaka uandikiwe. Mimi ni mzima. Barua hii anakuletea Hilari wa treni. Posta nimeacha kuiamini.

Nina shida ya mbwa. Usicheke kabla hujafika mwisho wa ukurasa.

Yule Subira uliyemjua, aliyekuwa akizuia nguruwe wasiingie kwenye karanga zangu tangu Luhende mume wangu afariki, amepigwa risasi mwezi uliopita. Alikwenda barabarani kunusa gurudumu la lori la operesheni ya vijiji. Mgambo wakasema hana kamba, huenda ana kichaa. Hakuwa na kichaa hata chembe. Nyuma yake alikuwa mwanawe, huyu mdogo niliyebaki naye, akatazama yote.

Huyu nimemwita Mtasema. Jina ni la jirani yangu Kashindye, anayesimulia katika kila kilabu cha pombe kwamba mjane asiyerudi kwa ndugu zake ana jambo analificha. Nikisimama uani nikaita "Mtasema! Mtasema!" anasikia hadi kwake, na unajua kwetu jina la mbwa halijibiwi. Akijibu, amekubali kuwa ni yeye.

Sasa Bwana Justus, katibu kata, ametutangazia kuwa kabla ya mvua tutahamia kijiji kipya, kule njia ya zamani ya misafara inapokutana na barabara ya pamba. Mbwa atakayehama ni yule anayetembea na mwenyewe kwa kamba. Asiyetembea ataachwa, na atakayeachwa atapigwa risasi. Huyu wangu hataki kamba. Nilimfunga mguu wa mbele kama tunavyofunga mbuzi, nikavuta, akakaa chini. Nikavuta tena, akaja kwa matako, mchanga ukachorwa mfereji. Tulipofika njiani akasikia lori kwa mbali, akajilaza kama maiti na kujikojolea.

Wewe umesoma vitabu vya kila kitu. Hakuna kitabu cha hili?

Sitamwacha. Nakwambia mapema usije ukapoteza wino. Akibaki, nabaki.

Dada yako,
Nyamizi


Chemchem, Tabora
22 Julai 1974

Dada Nyamizi,

Shikamoo.

Nimefika mwisho wa ukurasa na sikucheka. Nimekasirika. Nchi nzima inajikusanya ipate maji, shule na zahanati, na dada yangu, mwenye akili kuliko wanaume wote wa Usoke, anauweka uhai wake juu ya mbwa aliyepewa jina la kumsuta jirani. "Akibaki, nabaki." Hayo ni maneno ya kabaila na shamba lake. Yafute. Unajua walivyofanya kwingine kwa waliobaki: paa linaezuliwa, mwenyewe anapakiwa kama gunia. Sitaki kusikia kwamba gunia lile ni wewe.

Hata hivyo nimekwenda maktaba. Kilichokuwepo ni kitabu cha meja mmoja wa Kiingereza, mchwa wamekila kuanzia sura ya mwisho. Ajabu ya watu wale: walijua kumbembeleza mbwa ukurasa baada ya ukurasa, na Mnyamwezi wakamwonyesha kiboko tu. Lakini ukweli hauna kabila. Namnyang'anya meja, nakuletea wewe.

Kwanza, mfungue mguu. Mbwa si mbuzi. Ukimfunga mguu, kila hatua anayoijaribu inampiga mtama. Mahali pa kamba ni shingoni. Hilari anakuletea mkanda mdogo alioushona Yahaya, fundi viatu wa mtaa wetu. Nilipomwambia ni wa mbwa aliniangalia sana, akasema: "Nitashona, lakini mwenye shingo asiletwe kupimwa hapa. Sina udongo wala maji ya kuosha kibanda mara saba." Amekisia kwa ngumi yake.

Mvalishe mkanda wakati wa kula, ili ale na kuusahau. Akijikuna, mwache ajikune. Akishauzoea, mfungie kamba nyepesi na uiachie aiburute uani, usiishike. Ndipo uishike, lakini umfuate yeye, si yeye akufuate. Akikaa chini, usivute. Nasema tena, kwa sababu nakujua: usivute. Meja anaapa kwamba mbwa aliyevutwa mara moja anajifunza jambo moja tu, kwamba kamba ni adui. Mtangulie kidogo, uchutame, umwite kwa sauti ya chini, na akija mpe dagaa. Mchagulie neno moja la safari, lisibadilike. Mimi napendekeza "Twende". Acha mchezo yeye akiwa bado anautaka. Na kile anachokiogopa, lile lori, umzoeshe kwa mbali kwanza, kisha usogee kidogo kidogo, siku kwa siku.

Ukifanya hivyo hadi Septemba atakwenda mwenyewe kijijini akitikisa mkia. Nawe utakwenda pamoja naye.

Na jina hilo libadilishe. Siku hizi watu wakisikia "Mtasema!" karibu na katibu kata hawatadhani anaambiwa Kashindye.

Mdogo wako,
Kornel


Usoke
3 Agosti 1974

Kornel,

Marahaba. Mkanda umefika, mwambie Yahaya ngumi yake ni kubwa kidogo kuliko shingo ya mgeni wake.

Mguu nimeufungua. Nimekaa na meja wako kama mtu aliyewekwa kizuizini. Mtasema amekula akiwa amevaa mkanda, ameburuta kamba ikamzunguka chungu cha maji, chungu kikaanguka, akakimbilia chini ya kitanda pamoja na kamba yake. Nikachutama na michembe ya viazi mkononi, maana dagaa anawakimbilia hata bila kuitwa, hakuna somo hapo. Nikasema twende. Akatoa pua. Nikasema twende. Akatoa kichwa. Jirani akinisikia atasema mjane sasa amepata wazimu wenyewe.

Leo tumefika kwenye shina la mninga nje ya ua na kurudi. Kila akianza safari anaichukua ncha ya kamba mdomoni na kuitafuna kwa fahari, kama karani aliyeshika kalamu. Je, meja anakubali hilo?

Lakini shingoni sikuweka. Mkanda wa Yahaya nimeuunga kwa kitambaa, nimeupitisha kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Anatembea vizuri tu. Au Chemchem imekusahaulisha? Bibi mzaa bibi yetu alipita hapa hapa, mbele ya nyumba yangu, kwenye njia hii ninayolimia kando yake, akitoka Manyema na kamba shingoni, na shingo ya mbele yake ikiwa ya dada yake. Dada hakufika hapa. Yeye alifika, akaachwa hapa kwa homa, akaolewa, akazaa watu wote tunaowaita sisi. Akaacha neno moja: katika nyumba yake hakuna kinachokula humo kitakachofungwa shingoni. Mbuzi wetu mguuni. Ng'ombe wetu mguuni. Mama alikuchapa ulipomfunga jogoo shingo, ukalia mpaka ukalala.

Kwa hiyo kifuani. Nakuambia wewe tu. Kwa Bwana Justus kamba ni kamba, hatauliza iko wapi.

Nyamizi


Chemchem
11 Agosti 1974

Dada,

Shikamoo. Nakumbuka jogoo. Nakumbuka na bakora.

Kuitafuna kamba, meja anasema ni tabia ya utoto, umkataze kabla haijaota mizizi. Kifuani anakupinga kabisa: mbwa anayevutwa kifuani anaendesha mabega yake yote, na kichwa chake kinabaki huru kung'ata. Anayemiliki shingo anamiliki meno.

Na mimi nakupinga kwa sababu nyingine. Shingo ya mbwa si shingo ya bibi. Tukimheshimu bibi kwa kumfunga mbuzi mguu, tumemheshimu kwa mwiko, na mwiko ni heshima ya mtu asiye na la kufanya. Sisi tunalo la kufanya. Kuwakusanya wazao wa waliofungwa shingo, waishi pamoja, wasome, wasinunuliwe tena na mtu yeyote: huko ndiko kumfungua bibi. Nimesema hivyo mbele ya watu na wakapiga makofi, na nasema kwako ambaye najua hutapiga.

Siku hizi nimepewa kazi ya kuandika. Nitakueleza siku nyingine. Endelea na mazoezi, usogee karibu na lori. Muda ni mfupi kuliko Justus anavyowaambia.

Kornel


Usoke
25 Agosti 1974

Kornel,

Hii ni barua ya kusomwa umekaa.

Watu wa upande wa reli wamehamishwa juzi, Kashindye akiwa mmoja wao. Mbwa wake mzee hajui kamba wala hatajua. Kashindye akamtia ndani ya tenga la kuku, akafunika kwa majani ya mihogo, akaliweka juu ya mizigo. Walipofika kijijini mbwa akakohoa. Mgambo walipiga tenga risasi bila kufunua hata majani.

Kashindye alikuja kwangu baadaye kwa miguu. Hakusema habari za mjane. Alisimama nje ya ua, akasema: "Nyamizi, mwite mbwa wako. Mwite kwa sauti." Nikaita. Akasikiliza, akarudi zake.

Kisha Bwana Justus akatukusanya kutusomea tangazo la operesheni, limepigwa chapa, lina mhuri. Nimelishika mwenyewe nikalinakili hapa, uone kama nimekosea:

"Mbwa na mwenyewe wataingia kijiji kipya pamoja, kwa kamba moja, nayo kamba iwe shingoni, si mguuni wala kifuani. Kinyume cha hapo mbwa atapigwa risasi papo hapo."

Watu walicheka kidogo hapo kwenye kifuani. Mtu mmoja akauliza ni nani duniani anayemfunga mbwa kifuani. Justus naye akatabasamu, akasema wakubwa wameona mengi.

Mimi sikucheka. Mguuni ni sisi na mbuzi wetu, na majirani wachache waliotuiga. Kifuani ni mimi peke yangu. Sikumwambia Kashindye, sikumwambia padri. Niliandika mara moja tu, kwa mtu mmoja.

Nakuuliza swali lisilohitaji meja. Kazi gani hiyo uliyopewa ya kuandika?

Nyamizi


Chemchem
1 Septemba 1974

Dada Nyamizi,

Shikamoo.

Mkono ni wangu. Sitazunguka. Kamati ya operesheni iliniomba niandike matangazo yake kwa Kiswahili ambacho mtu akikisikia mara moja anakielewa, na kila neno la tangazo lile nimelipima. Ningeombwa leo, ningeliandika tena.

Sasa nisikilize. Mwezi wa tano, huku Itetemia, mtoto mmoja anayeitwa Maua aling'atwa na mbwa asiye na mwenyewe. Baba yake ni rafiki yangu. Tulimpeleka hospitali, dawa ikawa haijafika. Nilikuwepo alipoletewa maji akayaogopa. Maji, dada. Kikombe cha maji. Alikuwa akiomba radhi kwa kuyaogopa, akidhani ni utovu wa adabu mbele ya wageni. Tulimzika Ijumaa. Unawaleta watu wa mashamba mengi mahali pamoja, kila mtu na mbwa wake, chanjo hazitoshi hata nusu, na watoto wote ndio hao wanaokwenda shule kwa miguu. Ungeandika nini wewe?

Niliandika shingoni kwa sababu shingo ndiyo meno. Niliandika mguuni na kifuani kwa sababu nilitaka sheria isiyo na tundu. Sheria yenye tundu inawaua wajinga na kuwaachia wajanja, na mimi sikuingia katika kazi hii ili kuwaachia wajanja, hata kama mjanja ni damu yangu. Nilijua ni wewe. Ndiyo maana niliandika. Wangesema Kornel kamwachia dada yake mlango.

Habari za mbwa wa Kashindye zimenikaa vibaya. Tangazo halikusema wapige bila kufunua.

Nitumie neno umemzoesha mpaka wapi.

Kornel


Usoke
9 Septemba 1974

Kornel,

Mtoto Maua Mungu ampokee. Nimelia kwa ajili yake, na baba yake mpe pole yangu. Nisingejua la kuandika. Lakini ningeuliza.

Ulitafuta kitabu kizima kunifundisha nisimvute mbwa. Umzoeshe kwa mbali, usogee kidogo kidogo, uchutame, umwite kwa sauti ya chini, akikaa umsubiri. Uliandika usivute, ukarudia kwa sababu unanijua. Nimekusikia, nimefanya, na mbwa anatembea. Kisha ukaketi na kalamu ile ile ukawaandikia watu. Kwa watu meja wako alikuwa ameliwa na mchwa?

Unasema kijiji ni chema. Huenda ni chema. Ungekuja ukachutama hapo mbele yetu, tungekuja.

Mtasema anafika hadi kwenye njia. Lori likiwa mbali anasimama, anatetemeka, lakini hajilazi tena. Kamba bado anaipenda mdomoni. Sikumkataza. Ndicho kitu pekee katika jambo hili alichokichagua mwenyewe.

Nyamizi


Chemchem
14 Septemba 1974

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, Hilari yuko mlangoni na kofia mkononi.

Upande wenu ni wiki ijayo, si mwisho wa mwezi. Justus ataambiwa siku ile ile ili watu wasijifiche porini. Kukuambia hivi nimevunja kitu ambacho sijawahi kukivunja. Niliomba ruhusa nije nisimame nawe, nikakataliwa. Walisema tangazo halina haja ya mwandishi wake.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Majibu ninayo, na ni majibu mazuri, ila kila nikiyaandika nayaona yanafaa mkutanoni. Tuyaache.

Mfunge shingoni. Siku ile moja tu, toka mlangoni hadi kijijini. Ukifika ukate kamba uitupe jalalani. Bibi ataelewa. Nakuomba, na siombi kwa niaba ya kamati. Siwezi kukaa hapa nikisikiliza redio ikisema zoezi limekwenda salama wakati sijui kama uko hai au umekaa mbele ya nyumba isiyo na paa ukishikilia mbwa. Wewe unaweza kufanya hivyo. Ndiyo maana naogopa.

Kornel


Kijiji kipya, Usoke
24 Septemba 1974

Kornel mdogo wangu,

Niko hai. Nimeandika hilo kwanza ili uweze kusoma mengine polepole.

Walikuja asubuhi. Nyasi za paa wakazivuta kwa reki, wakaniachia miti. Sikupigana nao. Nilikuwa nimekwisha funga mizigo, maana mtu fulani alinitonya, wakashangaa kuona sufuria zimefungwa kamba na karanga ziko kwenye gunia. Kabla hawajafika nilikwenda kusimama njiani, pale tunapodhani alipita, nikamwambia bibi kwamba naomba radhi, ni siku moja. Kisha nikamvalisha Mtasema mkanda wa Yahaya shingoni. Alijikuna, akanilamba mkono, akaichukua kamba mdomoni kama kawaida yake. Nilifanya ulivyoniomba. Nataka ujue hilo kabla ya yanayofuata.

Tulitembea vizuri. Watu wa upande wetu wote tulikuwa njiani, wazee na vifurushi, kuku vichwa chini, na Kashindye alikuwa amekuja kutusaidia kubeba. Mgambo walitembea pembeni na bunduki zao. Njia unaijua, nyeupe na imezama katikati kwa miguu ya watu wa zamani. Nilimwambia Mtasema twende, akaenda. Nikaanza kudhani kwamba mdogo wangu ni mtu wa maana.

Lori likatokea nyuma. Lilikuwa limebeba mizigo na vikongwe, dereva akapiga honi ili apishwe. Mtasema akakaa chini.

Nilichutama. Ningempata, nilihitaji muda kidogo tu. Lakini mgambo mmoja, kijana wa Nzega anayeitwa Marko, akaniambia, "Mama, mbwa habembelezwi," akaninyang'anya kamba akavuta. Mtasema hakuwa amevutwa tangu mwezi wa saba. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa. Akarudi kinyumenyume, akapinda kichwa, na ule mkanda uliokisiwa kwa ngumi ya Yahaya ukavuka masikio ukabaki mkononi mwa Marko bila mbwa. Yeye akakimbia hatua chache, akasimama katikati ya njia akitutazama.

Marko akaitupa kamba chini, akatoa bunduki begani. Bwana Justus akaja anahema, na karatasi yako mkononi. Hakuwa mkali. Alisema, "Mama Nyamizi, naomba usogee pembeni. Hana kamba." Watu wote walikuwa wamesimama.

Nilimwambia asubiri kidogo. Sikujua namwomba asubiri nini. Nikaenda mbele yao wote, nikachutama mchangani, mgongo wangu ukiwa kwenye bunduki, nikasema kwa ile sauti ya chini: twende.

Akaja. Alikuja kwa tumbo, masikio yamelala, akitetemeka kwa ajili ya lori lililokuwa likinguruma pale pale. Lakini hakuja kwangu. Alikwenda hadi mahali kamba ilipoanguka, akainusa, akaokota ncha yake mdomoni, akasimama nayo akinisubiri. Kila siku ndivyo tulivyoanza safari. Aliona kwamba nimesahau kuanza vizuri.

Marko akasema, "Hiyo ni mdomoni. Si shingoni." Alisema kwa huzuni, nakuapia. Alikuwa ameanza kumpenda.

Ndipo nikamwambia Bwana Justus anisomee tangazo. Akasema nalijua. Nikamwambia nalijua, lakini nataka kulisikia kwake. Akasoma kwa sauti: mbwa na mwenyewe wataingia kijiji kipya pamoja, kwa kamba moja, nayo kamba iwe shingoni, si mguuni wala kifuani.

Nikamuuliza: "Shingo ya nani?"

Akasoma tena, safari hii kwa midomo tu. Nikaona macho yake yakienda hadi mwisho wa mstari na kurudi mwanzo, yakitafuta. Kornel, ulitaka sheria isiyo na tundu. Uliziba mguu, ukaziba kifua, ulifikiria kila kiungo cha mbwa wangu. Hukufikiria mimi.

Nikachukua ncha ya pili ya kamba, nikaizungusha shingoni mwangu, nikafunga fundo. Nikasimama. Nikasema, "Sasa iko shingoni. Si mguuni wala kifuani. Mbwa na mwenyewe, kamba moja."

Kashindye ndiye aliyecheka kwanza, peke yake, kicheko chake cha kilabuni. Wanawake wakafuata. Marko akacheka akashusha bunduki. Kisha nikasema twende, na Mtasema akatangulia na ncha yake mdomoni, nami nikamfuata na ncha yangu, na watu wakaona. Sijui kama ulishawahi kusikia kicheko cha watu wengi kikikatika mahali pamoja. Walikuwa wameona tuko kwenye njia gani. Wote wana bibi aliyepita hapo, au aliyewapitisha wenzake hapo. Mzee mmoja alivua kofia.

Bwana Justus alitembea kando yangu kwa kitambo. Mwishowe akasema kwa sauti ya kuomba, "Mama, nakuruhusu, kiondoe hicho kitu shingoni, watu wanatutazama." Nikamuuliza anamjua mbwa wangu anaitwa nani. Alilijua, lakini jina la mbwa halijibiwi. Akamwashiria dereva azime lori, na lori likakaa kimya nyuma yetu mpaka tulipotoweka.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kijiji chako. Redio itakuwa imekuambia kwamba zoezi limekwenda salama.

Kijiji kina bomba, nalikubali. Maji yanatoka. Nimempa Mtasema na ameyanywa, nikamkumbuka Maua. Shule wamepanga mawe ya msingi. Kashindye amepewa kiwanja jirani na changu, na jana ameniuliza kama nitamwachia mtoto wa Mtasema siku akipata. Hakutaja jina atakalompa. Nina wasiwasi litakuwa langu.

Kamba nimeitundika kwenye nguzo ya mlango. Mlango wenyewe haujaja. Jua likipoa Mtasema anakaa chini yake, anaitazama, ananitazama, anatikisa mkia. Anaipenda, Kornel. Ulinifundisha vizuri mno. Mimi ndiye ambaye bado sijaweza kuigusa.

Jumamosi panda treni ya Hilari, uje umtembeze wewe. Usilete karatasi. Simama tu mlangoni useme twende, atakupa ncha yako.

Dada yako,
Nyamizi